Mafua Yapimwe, Yasikisiwe

Katika maradhi yote yanayobisha hodi visiwani kwetu, hakuna yanayodharauliwa kama mafua. Mtu akishikwa na kipindupindu mtaa mzima hutahadhari. Akishikwa na homa ya matumbo jamaa hukusanyika. Lakini akisema ana mafua huambiwa anywe maji ya moto yenye ndimu na tangawizi, ajifunike shuka, na kesho aende kazini. Lugha yetu yenyewe imechangia dharau hiyo, kwani neno hilo moja hubeba kamasi za mtoto aliyenyeshewa na mvua pamoja na ile homa kali iitwayo influenza, ambayo Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa huua watu baina ya 290,000 na 650,000 kila mwaka ulimwenguni kwa madhara yake ya kifua peke yake. Katika makala haya tutasema homa ya mafua, na tutakusudia hiyo ya pili.

Maneno yetu yanawaelekea kwanza madaktari, matabibu na wauguzi wa hospitali zetu, ambao ndio wenye mikono juu ya mgonjwa, na pili wakuu wa serikali, ambao ndio wenye mikono juu ya fungu la fedha. Mwananchi wa kawaida naye asome, kwani ni pua yake itakayoingizwa kijiti, na mtu hukubali kwa moyo mweupe jambo ambalo sababu yake ameelezwa.

Mkaazi wa kisiwa ana haja ya kuujua ugonjwa huu kupita mtu wa bara. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland katika New Zealand, ilitia nanga Apia, mji mkuu wa Samoa ya Magharibi. Ndani yake walikuwamo abiria wagonjwa. Watawala wa wakati huo waliwaruhusu kushuka bila ya kuwazuia. Katika muda wa wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano wa nchi ile. Katika visiwa jirani vya Samoa ya Marekani, ambako gavana John Poyer alifunga bandari na kuzizuia meli, hakufa hata mtu mmoja kwa maradhi hayo. Watu ni wa asili moja, lugha ni moja, bahari ni moja. Kilichotofautiana ni amri ya bandarini. Mwaka 2002 serikali ya New Zealand, iliyokuwa ikiitawala Samoa ya Magharibi siku zile, iliwaomba radhi wananchi wa huko kwa mambo yaliyofanywa katika utawala wake, na hili la meli likiwemo.

Hata hivyo haifai tuchukue kutoka Samoa funzo lisilokuwa letu. Mwaka 1918 hapakuwa na mtu duniani aliyekijua kijidudu cha homa ya mafua. Kiligunduliwa kwa wanadamu mwaka 1933 na watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw huko London. Poyer hakuwa na kipimo chochote ila amri yake. Leo hakuna kisiwa kinachoweza kufunga bandari yake kila mtu anapopiga chafya, na sisi ambao boti hutupeleka na kuturudisha Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku, na ndege za watalii hutushukia kutoka pembe zote za dunia, ndio wa mwisho kuweza. Badala ya kufunga mlango inatupasa tujue nani anaingia. Hiyo ndiyo kazi ya upimaji na ufuatiliaji.

Yuko jirani wa karibu zaidi wa kutufunza. Katikati ya mwezi wa Julai 1998? La, wengi husahau haraka. Ilikuwa Julai 2002, Madagascar ilipopata habari za vifo vingi vya maradhi ya kifua katika kijiji cha Sahafata, kwenye milima ya jimbo la Fianarantsoa, yapata kilomita 450 kusini ya Antananarivo. Kijiji kilikuwa na watu kiasi cha 2,160. Wachunguzi walikuta kuwa watu saba katika kila kumi wameugua, na 27 wamekwisha zikwa. Katika nchi ambayo tauni haijaondoka, mtu angeweza kudhani mengi. Lakini wachunguzi hao, wakiwa pamoja na taasisi ya Pasteur ya huko, walichukua ute wa makoo ya wagonjwa, na maabara ikatoa jibu: homa ya mafua ya aina A, kabila la H3N2. Maradhi yaliendelea kuenea hadi mwezi wa Septemba, wakaugua zaidi ya watu 27,000 na kufa zaidi ya 700, wengi wao wakiwa watoto wadogo.

La kuhuzunisha ni kuwa kijidudu kile hakikuwa kigeni. Kilikuwa ni kile kile kilichokuwa kikizunguka duniani wakati huo, na chanjo ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kukihesabu. Watu wa milimani walikufa kwa ugonjwa uliojulikana, kwa sababu habari zao zilichelewa kufika mahali panapojulikana. Bila ya vijiti vile vya kooni, hata hilo lisingejulikana, na pengine mpaka leo kingezungumzwa kama kisirani cha Sahafata.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe.

Kwanza ni kumtambua mgonjwa wa kupimwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kimoja kwa nchi zote, kama pishi ya sokoni, ili pishi ya Wete isitofautiane na pishi ya Mwanza wala ya Jakarta. Mgonjwa wa nje huhesabiwa kuwa ana dalili za homa ya mafua iwapo joto la mwili wake limepimwa na kufika nyuzi 38 au zaidi, anakohoa, na maradhi yamemwanza ndani ya siku kumi zilizopita. Mgonjwa wa kulazwa huhesabiwa kuwa na maradhi makali ya kifua iwapo ana homa, au amesema kuwa alikuwa nayo, anakohoa, ni ndani ya siku kumi hizo hizo, na hali yake imelazimisha alazwe. Basi. Hapana haja ya kuongeza maumivu ya viungo, wala kichwa, wala macho mekundu. Daktari hodari hukereka akiona kipimo chepesi kama hiki, kwa kuwa yeye ameona zaidi ya hayo kwa mgonjwa wake. Lakini kipimo hiki hakikuwekwa ili kumtibu mgonjwa huyu. Kimewekwa ili wiki hii ilinganishwe na wiki iliyopita, na hospitali hii na ile. Kila daktari akitia chumvi yake, hesabu haipikiki.

Pili ni kuchagua. Si lazima kila mwenye kikohozi achukuliwe sampuli, na wala haiwezekani. Kinachotakiwa ni utaratibu usiobadilika: kwa mfano, wagonjwa wawili wa mwanzo wanaotimiza kipimo katika kila siku ya kazi. Hapa ndipo kazi inapoharibika mara nyingi. Muuguzi humchagua aliye hoi zaidi, au aliye mtulivu zaidi, au yule ambaye mamaye hatogombana. Na mwisho wa mwaka maabara hupokea picha ya wagonjwa watulivu. Tena iandikwe kila wiki idadi ya wagonjwa wote waliotibiwa au kulazwa, kwa sababu wagonjwa kumi wa homa ya mafua katika arubaini ni habari moja, na kumi katika mia nne ni habari nyingine kabisa. Twajua kuwa daftari hili huchosha. Lakini kijiti bila ya daftari ni nusu ya kazi, na kwa ufuatiliaji ni nusu iliyo ndogo.

Tatu ni kijiti chenyewe. Hapa hatuna budi kwenda polepole, kwa kuwa sampuli nyingi hufa mikononi mwa aliyezichukua kabla hazijaiona maabara. Kijiti kiwe cha plastiki, chenye ncha ya nyuzi za polista au nailoni. Kile cha mti chenye pamba, kinachopatikana katika kila chumba cha kufungia vidonda, hakifai, kwani mti na pamba vina vitu vinavyoweza kuzuia kipimo kufanya kazi. Mgonjwa aketi, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo. Kijiti kiingizwe puani kikifuata sakafu ya pua, yaani kuelekea sikio, si kuelekea jicho, mpaka kifike mahali pua inapokutana na koo na mkono uhisi kizuizi. Kikae hapo sekunde chache, kizungushwe, kitolewe taratibu. Machozi yatamtoka mgonjwa. Machozi hayo ni dalili kuwa kijiti kimefika. Kijiti cha pili kipite nyuma ya koo na kwenye tezi zake, bila ya kugusa ulimi. Vyote viwili hutiwa katika kichupa kimoja chenye maji maalumu ya kuhifadhia virusi, ncha zikavunjwa ndani, kifuniko kikafungwa. Mwenye kufanya kazi hii avae barakoa, glavu na miwani, kwani mgonjwa atakohoa, tena atakohoa usoni pake.

Maabara ina njia ya kujua kama kijiti kilifika au kilizungushwa mlangoni tu. Pamoja na kutafuta virusi, kipimo hutafuta pia chembe za urithi za binadamu mwenyewe. Zikikosekana, jibu la kuwa mgonjwa hana homa ya mafua halina thamani, kwani kijiti hakikumgusa mtu. Ni vyema kila mkuu wa hospitali awe anaulizia hesabu hiyo kila mwezi. Itamwambia mengi juu ya mafunzo ya watu wake.

Wakati pia una hukumu yake. Virusi huwa vingi puani katika siku tatu au nne za mwanzo, kisha hupungua, ingawa watoto wadogo huvitoa kwa muda mrefu zaidi. Ni kweli kuwa utaratibu waruhusu hadi siku kumi, lakini mgonjwa wa siku ya pili atatoa jibu la kuaminika kuliko yule wa siku ya tisa. Kichupa kikishafungwa, kiandikwe jina au nambari ya mgonjwa na tarehe, kisha kikae katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na kifike maabara ndani ya siku tatu. Kikiwa hakiwezi kufika, basi kigandishwe katika nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida, ile ya kuwekea samaki, haifai: hugandisha pole pole na kuviharibu virusi, na umeme ukikatika na kurudi huviharibu mara ya pili.

Tumeyataja haya ya ubaridi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yanayotuhusu watu wa visiwani. Fikiria kichupa kilichochukuliwa Micheweni asubuhi ya Ijumaa. Kikitakiwa kuvuka bahari kwenda kupimwa, kinahitaji gari hadi mjini, kasha lenye barafu, mtu wa kukipokea bandarini au uwanja wa ndege, na mwengine wa kukipokea upande wa pili; na yote hayo Jumamosi na Jumapili. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilicho ghali. Lakini kila kimoja kina idara yake, na kila idara ina saini yake. Hapo ndipo siku tatu zinapokwisha. Pemba inayo maabara ya afya ya jamii pale Wawi, Chake Chake, iliyoanza kazi mwaka 2000, na imejenga sifa katika uchunguzi wa minyoo na kichocho. Wakuu wanaohusika wakikaa kupanga njia ya sampuli za kifua, ni haki nyumba hiyo iwe ya kwanza kufikiriwa, ama kwa kupima, ama angalau kwa kuhifadhi.

Baadhi ya madaktari watauliza: kwani hakuna vile vipimo vya haraka, vinavyotoa jibu kwa robo saa? Vipo, na vina kazi yake. Kikisema ndiyo, mara nyingi ni ndiyo ya kweli, hasa wakati maradhi yameenea. Kikisema siyo, tahadhari. Kwani huwakosa wagonjwa wengi wenye homa ya mafua kweli, mara nyingine hata nusu yao au karibu na nusu. Tena hakimwambii mtu kabila la virusi, jambo ambalo ufuatiliaji hauwezi kukaa bila yake. Kipimo cha maabara cha PCR ndicho cha kutegemewa. Na tuongeze hili kwa mkazo: mgonjwa aliyezidiwa asingojeshwe jibu. Dawa ya oseltamivir, pale inapopatikana, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu kuanza maradhi, na kwa mjamzito, mtoto mchanga, mzee au mwenye maradhi ya moyo au pumu, kungoja karatasi itoke ng'ambo ni kumngojesha kwa kifo.

Faida ya kupima haiishii kwa homa ya mafua. Kwa miaka mingi kila homa katika nchi zetu iliitwa malaria. Mwaka 2008 watafiti, akiwamo daktari Valérie D'Acremont, waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Waliokuwa na malaria walikuwa kama kumi na nusu kwa mia. Waliokuwa na maradhi ya njia ya hewa walikuwa zaidi ya sitini kwa mia, na mengi ya maradhi hayo yalitokana na virusi. Hapa Zanzibar, ambapo malaria imepunguzwa sana, uchunguzi wa watoto 677 wenye homa uliofanywa mwaka 2011 ulionyesha kuwa yapata robo tatu yao walipewa antibiotiki, na hali waliozihitaji kweli, kwa hesabu iliyofanywa baadaye, walikuwa kama mmoja tu katika kila watano. Hatuwalaumu waliowatibu. Mtu aliyekaa na mama mwenye mtoto anayechemka, bila ya kipimo chochote mkononi ila cha malaria, nacho kimesema siyo, atatoa alichonacho kabatini. Lakini dawa hizo zina mwisho wake, na kila mara zinapotolewa bure huzidi kuwafunza vijidudu namna ya kuzishinda. Hospitali inayojua kuwa wiki hii wodi imejaa homa ya mafua ina sababu ya kushika mkono wake.

Hapo twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linaloua ufuatiliaji kuliko ubaridi na bahari. Ni majibu kutorudi. Daktari huchukua sampuli kumi, ishirini, hamsini, zikaondoka, na asisikie tena. Baada ya miezi sita huona kuwa anawaliza watoto kwa faida ya ripoti itakayosomwa na watu asiowajua, na taratibu huacha. Hakuna semina itakayomrejesha. Atarejeshwa na karatasi moja kila Jumatatu, au hata ujumbe wa simu, usemao: sampuli zako nane zimepokelewa, moja haikufaa, tatu zina aina A ya H3N2, moja ina aina B. Kulitimiza hilo hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji karani mmoja aliyepewa kazi hiyo na kuulizwa juu yake.

Na ripoti zenyewe zina njia ndefu na yenye maana. Tangu mwaka 1952 dunia ina mtandao wa maabara za homa ya mafua, ambao leo umeenea katika nchi zaidi ya 120, na kila mwaka, mwezi wa Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wataalamu huamua chanjo ifanywe kwa virusi gani. Ni vijiti kama hivi ndivyo vilivyoonyesha kuwa ukoo mmoja wa aina B, uitwao Yamagata, haujaonekana kwa hakika tangu Machi 2020, hata ukaondolewa katika mapendekezo ya chanjo. Sisi wa nchi za joto hatuna majira moja ya kutegemewa kama Ulaya. Homa ya mafua huweza kutujia wakati wa masika, na huweza kutujia wakati wa kipupwe. Asiyehesabu mwaka mzima hawezi kusema chanjo ya kaskazini inamfaa au ya kusini, na ataletewa ile iliyobaki ghalani mwa wenziwe. Ndugu zetu wa Indonesia walikwisha kulalamika mwaka 2007 kuwa virusi vyao vyachukuliwa na chanjo zake hawazimudu, wakazuia sampuli. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa makubaliano ya mwaka 2011 ya kugawana virusi pamoja na manufaa yake. Lakini hata katika makubaliano hayo, anayesikilizwa ni mwenye kitu cha kuleta mezani.

Liko pia lile la nadra ambalo sharti lisipite bila kuonekana. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zimeitaja homa ya mafua ya kabila jipya kwa binadamu kuwa miongoni mwa maradhi manne ambayo hata mgonjwa mmoja lazima atangazwe, ndani ya saa 24 baada ya nchi kulitathmini tukio. Mwaka 1997 huko Hong Kong mafua ya ndege yaliwapata watu 18, wakafa sita. Kwa hiyo daktari amuulize mgonjwa wa kichomi kikali maswali mawili yasiyomo katika fomu nyingi: je, umekaa na kuku, bata au wanyama wanaokufa ovyo, na je, umesafiri wapi wiki hizi mbili? Wahudumu wawili wa wodi moja wakiugua kifua kwa pamoja, nalo litolewe habari siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

Tunayoyaomba kwa wakuu ni machache, tena yanahesabika. Vijiti na vichupa vya miezi sita viwepo ghalani Unguja na Pemba, na tarehe zake za kwisha zikaguliwe. Atajwe kwa cheo mtu mwenye dhamana ya kasha la barafu katika kila hospitali ya wilaya, na mwenziwe bandarini. Nauli ya kasha hilo iingizwe katika bajeti kwa jina lake, isiwe ikiombwa upya kila Ijumaa. Na majibu yawe yanarudi ndani ya wiki moja, yakibandikwa ukutani katika chumba cha madaktari, mahali ambapo kila anayechukua sampuli atayaona anapokuja kuvaa koti lake asubuhi.